Nyota ya Shi'ra na Mwandani Wake Asiyeonekana

  

Juma hili tunajibu barua iliyotoka mbali, Endebess, chini ya Mlima Elgon. Mwenye kuiandika ni dada yetu mzaliwa wa pwani aliyeolewa bara, na sasa ana binti aliye sekondari. Asema kwamba katika kundi la WhatsApp la jamaa za mumewe palitumwa ujumbe wenye kudai kuwa Qur'ani ilikwisha kutaja muda ambao nyota ya Shi'ra na mwenzake huchukua kuzungukana, nao ni miaka 49.9. Hoja ya ujumbe huo ni kwamba katika Sura An-Najm, habari ya pinde mbili imo katika aya ya 9, na jina la Shi'ra limo katika aya ya 49. Binti akajibu pale pale kundini, mbele ya wakubwa, kwamba hesabu hiyo haiko sawa. Ami yake akaghadhibika, akasema shule zimemharibu mtoto. Tangu siku hiyo nyumba mbili hazizuriani. Na sasa wakati wa binti kuchagua masomo umewadia, naye baba yaelekea atamkataza kusoma fizikia.

Dada yetu auliza mambo matatu. Je, ujumbe ule ni wa kweli? Je, ni kweli kwamba nyota hufa, na kwamba jua letu nalo litakufa, kama mtoto alivyofundishwa? Na je, amwachie binti yake aendelee na elimu hii, au amzuie kabla hajapotea?

Haya si maswali madogo. Ndani yake mna undugu wa nyumba mbili, na mna mustakabali wa mtoto. Basi tuyaendee polepole, na tuanze na nyota yenyewe.

Shi'ra ndiyo nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Wazungu huiita Sirius. Ikiwa mtu yuko Endebess mwezi wa Februari, mbingu ikiwa safi, na atoke nje kuelekea saa nne ya usiku, kisha atazame juu ya utosi, kidogo upande wa kusini. Ataiona nyeupe, yenye kumetameta, haina mshindani. Mtu wa Lamu au Mombasa ataiona vile vile, ila juu zaidi, karibu zaidi na utosi. Baadhi ya Waarabu wa zama za ujahilia waliiabudu, na wafasiri wametutajia kabila la Khuzaa miongoni mwao. Ndiyo maana Qur'ani ikaitaja kwa jina na kubainisha kuwa nayo ina Mola wake. Mafunzo ya aya ni hayo: kinachong'aa kuliko vyote nacho ni kiumbe, kina Bwana.

Mwanga wa nyota hii hutufikia baada ya safari ya miaka 8.6. Mama mwenye mtoto wa darasa la tatu akimwonyesha Shi'ra usiku huu, mwanga unaoingia machoni mwao uliondoka kule karibu na siku mtoto huyo alipozaliwa.

Sasa, Shi'ra si nyota moja. Mwaka 1844 mwanafalaki wa Kijerumani, Friedrich Bessel, aliona kwamba mwendo wake angani haunyooki, bali huyumba kidogo kidogo, mfano wa mtu anayetembea ameshikana mkono na mwenzake asiyeonekana. Akahukumu kuwa ipo nyota ya pili inayoivuta. Bessel alifariki bila kuiona. Ilipofika tarehe 31 Januari 1862, huko Marekani, Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu darubini mpya, akaielekeza kwa Shi'ra, na pembeni mwake akaona nukta dhaifu ya mwanga. Mwandani akawa ameonekana.

Ajabu kubwa ilikuja baadaye. Mwaka 1915 Walter Adams alichambua rangi za mwanga wa yule mwandani, ikadhihiri kuwa ni nyota yenye joto kali, kuzidi jua letu. Kitu chenye moto mkali kinapaswa kung'aa sana, na hiki kilikuwa hafifu. Kwa hiyo hakuna budi kiwe kidogo mno. Leo twajua kuwa uzito wake ni sawa na wa jua, lakini ukubwa wake haufikii hata wa dunia yetu hii. Jua zima limeshindiliwa likaingia katika kitu kidogo kuliko dunia! Kijiko kimoja cha chai cha maada ya nyota hiyo kina zaidi ya tani 10. Watu wa Endebess ni wakulima wa mahindi, na gunia lao ni la kilo 90. Basi wapime wenyewe: magunia mia moja na zaidi, katika kijiko cha kukorogea sukari.

Nyota za namna hii wanafalaki huziita vibete vyeupe. Na hapa ndipo penye jibu la swali la pili, kwani kibete cheupe ni nyota iliyokwisha maisha yake.

Akina mama mnalijua jiko la makaa. Makaa yanapowaka, jiko hutoa joto. Yakiisha na hakuna wa kuongeza, jiko haliwi baridi papo hapo. Hubaki kaa lililoiva, jekundu, likipoa taratibu hadi kuwa jivu. Nyota nayo ina makaa yake, nayo ni hidrojeni, ambayo katika kiini chake hugeuzwa kuwa heli, na kwa kugeuzwa huko hutoka nuru na joto. Joto hilo ndilo linaloihimili nyota isijiangukie kwa uzito wake. Hidrojeni ya kiini ikiisha, nyota hufura, ikawa jitu jekundu. Kisha hupeperusha maganda yake ya nje, na kinachobaki ni kiini kilichoshindiliwa, aghalabu cha kaboni na oksijeni. Hicho ndicho kibete cheupe. Hakichomi tena kitu. Hupoa tu, kwa mabilioni ya miaka.

Mwandani wa Shi'ra hapo kale ndiye aliyekuwa mkubwa wa hao wawili. Nyota kubwa hutumia makaa yake kwa haraka, ndiyo maana yeye akatangulia, na mdogo wake angali anawaka. Jua letu lina umri wa takriban miaka bilioni 4.6, na kwa hesabu ya wanafalaki limebakiwa na makaa ya miaka bilioni 5 hivi. Kisha nalo litapita njia hiyo hiyo. Nyota nyingi mno, zaidi ya tisini katika kila mia, mwisho wao ni huu. Mwaka 2021 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia walitoa orodha ya nyota takriban 359,000 zinazodhaniwa kwa nguvu kuwa vibete vyeupe. Na kwa kuwa kupoa kwake kuna mwendo unaojulikana, wataalamu huvitumia kama saa: wakikitazama kibete kilichopoa sana, hukadiria umri wa nyota zilizoandamana nacho.

Je, hili lapingana na imani yetu? La, hata kidogo. Kwamba nyota ina mwisho, Muislamu hana sababu ya kushangaa. Kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu kina mwisho. Tahadhari ni moja tu. Asije mtu akasema kwamba hiyo miaka bilioni 5 ndiyo tarehe ya Kiyama. Mwanafalaki anahesabu makaa yaliyosalia jikoni. Hasemi mwenye jiko atalizima lini. Elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, wala haikupewa darubini wala malaika. Mtoto akielezwa tofauti hii mapema hatahangaika. Asipoelezwa, ataona kama analazimishwa kuchagua baina ya mwalimu wake na mama yake, na hilo ni dhulma kwake.

Tuje sasa kwenye ule ujumbe. Nausema wazi, kwa heshima ya wote walioupokea kwa nia njema: binti amesema kweli.

Kwanza, kwa upande wa falaki. Miaka 49.9 ni kipimo cha zamani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017, vilivyotumia darubini ya angani iitwayo Hubble pamoja na kumbukumbu za karne moja na nusu, vimeonyesha muda wa miaka 50.13. Kila chombo kinapozidi ubora, tarakimu husogea. Ndiyo kawaida ya elimu ya vipimo, wala si aibu kwake.

Pili, kwa upande wa elimu yetu wenyewe. Wanavyuoni wa kuhesabu aya hawakuafikiana katika idadi ya aya za sura hii: kwa hesabu ya watu wa Kufa ni 62, na kwa hesabu nyingine ni 61. Hitilafu hiyo haigusi hata herufi moja ya Qur'ani. Ni suala la wapi pa kusimama. Lakini mtu aliyejenga muujiza juu ya nambari za aya atafanya nini akikutana na msahafu wenye hesabu nyingine? Na ni nani aliyemwambia kuwa 9 na 49 zisomwe 49.9, wala si 9.49?

Tatu, na hili ndilo zito. Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), alipofariki mwaka wa kumi wa Hijra, jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wa mwana wa Mtume. Hebu tafakarini. Baba ana jeneza la mwanawe, na watu wanamletea dalili ya mbinguni ya kumtukuza. Angenyamaza tu, wangezidi kuamini. Hakunyamaza. Aliwabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akaikataa dalili isiyo ya kweli, hata iliyokuwa ikimpamba yeye mwenyewe, tena katika siku ya huzuni yake. Basi sisi ni nani hata tuitetee dini yake kwa tarakimu zilizobuniwa?

Mtoto aliyefungiwa imani yake kwenye 49.9, siku atakayosoma 50.13 atafungua fundo lote. Kosa halitakuwa la fizikia. Litakuwa la aliyefunga.

Wala msidhani kuwa habari hizi ni za Ulaya na Marekani pekee. Wasomaji wa Malindi wanalijua jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano, wakishirikiana na Wamarekani na wengineo, walirusha setilaiti mara tisa kutoka hapo. Pwani yetu ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, mahali ambapo kuzunguka kwa dunia kunaisaidia roketi, na setilaiti hupata njia iliyo salama zaidi na mnunurisho unaovuruga vyombo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, ndipo ikabidi chombo kipande juu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo baadaye kilitambuliwa kuwa ni nyota iitwayo AM Herculis, ambamo kibete cheupe chenye sumaku kali humnyonya mwenzake, nao huzungukana kwa muda wa saa tatu tu na dakika chache. Tarehe 7 Mei 1975 ilirushwa setilaiti nyingine kutoka pale pale, iitwayo SAS-3, na kwa hiyo zikapatikana eksirei za kibete cheupe kingine kijulikanacho kwa jina la HZ 43. Wavuvi wa Ngomeni waliona moshi wa roketi zile. Ni wachache walioambiwa zilikwenda kutafuta nini.

Limebaki swali la tatu, la binti na masomo yake.

Yuko anayehofu kwamba kusoma nyota ni unajimu. Tutenganishe. Kuagulia watu bahati kwa nyota, kupiga ramli, kumwambia mtu asioe kwa kuwa burji yake haipatani na ya mwenzake, hayo yamekatazwa, na ajabu ni kwamba wengi wanaoiogopa fizikia hawayaogopi hayo. Ama ilmu ya falaki, ni kuzijua nyota kwa kipimo, na ibada zetu haziepukani nayo. Dada yetu mwenyewe ni shahidi. Alipokuwa Mombasa kibla chake kilikuwa karibu kaskazini kamili. Endebess hana budi kuelekea kaskazini kisha ageuke kidogo upande wa mashariki, kiasi cha digrii 13. Na jua la Endebess hutua nyuma ya jua la Mombasa kwa takriban dakika ishirini, likizidi au kupungua kidogo kwa msimu. Mtu wa huko akifuturu kwa kalenda ya Mombasa iliyotundikwa ukutani, huenda akawa amefungua saumu mchana. Ni nani atakayewapimia watu hawa nyakati zao, kama watoto wetu hawasomi?

Yuko pia anayesema kuwa mambo haya si ya wanawake. Karne ya kumi ya Miladi, mjini Halab, binti wa fundi aliyeitwa al-Ijli alikuwa akitengeneza asturlabu katika utumishi wa Sayf al-Dawla. Ibn al-Nadim amemtaja katika kitabu chake cha Fihrist. Na katika habari hii ya vibete vyeupe yumo Williamina Fleming, mzaliwa wa Scotland mwaka 1857. Alihamia Marekani, mumewe akamwacha ana mimba, akaingia kazi ya utumishi katika nyumba ya mkuu wa kituo cha falaki cha Harvard. Bwana yule akauona uhodari wake, na mwaka 1881 akamwajiri kituoni. Aliainisha nyota zaidi ya 10,000. Mwaka 1910 mwanafalaki Henry Norris Russell alitaka kujua rangi za mwanga wa nyota hafifu iliyo mwandani wa 40 Eridani, ile ambayo mwenzake mkubwa huitwa Keid, jina lililotoka katika Kiarabu. Swali likapelekwa kwa Bi Fleming, na baada ya muda mfupi jibu likaja: ni nyeupe, ni ya moto. Lilikuwa jambo lisilofikirika kwa nyota hafifu kiasi kile, na kwa jibu hilo mlango wa elimu ya vibete vyeupe ukafunguka. Aliyekuwa akipangusa vumbi katika nyumba ya watu ndiye aliyekuwa na jibu.

Na kwa ami wa binti nina hadithi yake. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi wa miaka kumi na tisa, Subrahmanyan Chandrasekhar, alikuwa melini akitoka Bara Hindi kwenda Uingereza kusoma. Humo safarini akapiga hesabu, na hesabu hiyo ilimfikisha kwenye jambo hili: kibete cheupe hakiwezi kuzidi uzito wa takriban jua moja na nusu kasoro kidogo, kikizidi, hujiangukia. Mwaka 1935 Arthur Eddington, aliyekuwa bingwa wa zama zake, alimkejeli hadharani. Lakini hesabu ya kijana ndiyo iliyokuwa sahihi, na mwaka 1983 alitunukiwa tuzo ya Nobel. Kijana hakuacha kumheshimu mkubwa wake, wala hakuiacha hesabu yake. Ndugu yangu, mkubwa kukosolewa na mdogo hakumpunguzii kitu ikiwa ataipokea haki. Kinachompunguzia ni kuikataa kwa kuwa imetoka kinywani mwa mtoto.

Kwako dada yangu wa Endebess. Mwachie binti yako asome, na umsimamie kwa dua. Lakini umfunze pia kwamba kweli ina mlango wa kuingilia. Kumsahihisha ami mbele ya jamaa wote si njia. Angemwendea faragha, akamwamkia, akamweleza. Basi na aende sasa, pamoja na mama yake, wamwombe radhi kwa namna aliyosema, wala si kwa alichokisema. Na baba wa binti namwomba asiamue masomo ya mtoto akiwa na ghadhabu, kwani hasira hupita na uamuzi hubaki.

Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walizitazama nyota kwa jicho la mkulima na la nahodha, wakapanda na kusafiri kwazo, wala imani yao haikupungua. Watoto wetu wanaitazama mbingu ile ile kwa vyombo vya zama zao.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atuepushe na kuisemea dini yake tusilolijua, na azipatanishe nyoyo za jamaa zetu wa Endebess na wa kila mahali. Wabillahi tawfiq.